Bunduki ya wenzo kwa kunyemelea kulungu msituni: ulinganisho wa .30-30, .45-70 na .308

Msitu wa Kielder, ulioko Northumberland kaskazini mwa Uingereza (humu yaani England peke yake, ilhali Britania ni kisiwa kizima), unapakana na Uskoti, na miti yake haijui mpaka umepita wapi. Kulungu wa aina ya roe hajui pia. Mwindaji anayemnyemelea akiwa na bunduki ya wenzo ya .30-30 (namba za namna hii ni majina ya aina za risasi), kwa upande wake, analazimika kuujua mpaka huo vizuri, kwa sababu bunduki ile ile yenye risasi zile zile ni halali upande wa kusini na ni kosa upande wa kaskazini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulinganisho wa bunduki hizi unapopaswa kuanzia. Wengi hupenda kwanza sura ya bunduki, yaani kitako cha mti wa jozi, nyundo iliyo nje na wenzo uliopinda, kisha ndipo wanapotafuta risasi ya kuilisha. Ningeshauri mtu afanye kinyume: achague risasi kwanza, na risasi hiyo itamchagulia bunduki.

Maneno mawili matatu yafafanuliwe kabla ya kuendelea. Lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa kitu kizima kinachoingizwa bundukini, kwa kipande kinachotoka mtutuni, na hata kwa madini laini ambayo kipande hicho kimetengenezwa nayo kwa karne nyingi. Humu nitaita kitu kizima risasi, kile kinachoruka nitakiita kichwa, na madini nitayaita madini ya risasi. Kulungu ninaowazungumzia ni wale wa Britania, ambao madume ya wengi wao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, si pongo wa vichaka vya Afrika. Wenzo ni kile chuma kilichozunguka kifyatulio, ambacho mpigaji hukisukuma chini na mbele ili ganda litoke, kisha hukirudisha juu ili risasi mpya iingie.

Swali la kwanza ambalo mtu mwenye busara angeuliza ni kwa nini achukue bunduki ya wenzo badala ya ile ya komeo la kuvuta kwa mkono, ambayo ndiyo wanyemeleaji wengi wa Britania wanaitumia. Jibu la haki ni kwamba bunduki ya komeo ina kifyatulio bora, huwa na shabaha nzuri zaidi, na hufungwa kizuia sauti bila usumbufu. Bunduki ya wenzo ina sifa tatu za kujitetea. Ni bapa na fupi, kwa hiyo hupita kati ya matawi na hubebwa kwa mkono mmoja katikati ya mwili wake bila kugonga kila shina. Hutoa risasi ya pili upesi bila mpigaji kuiondoa begani. Tena humfaa anayetumia mkono wa kushoto karibu sawa na anayetumia wa kulia. Sifa ya pili ina uzito wake Britania, kwa kuwa sheria ya marekebisho ya silaha ya 1988 ilipiga marufuku raifo zinazojijaza zenyewe na zile za kusukuma, isipokuwa zile za .22 zenye fataki, yaani kiwashio cha baruti, ukingoni mwa ganda. Msomaji asichanganye bunduki ya wenzo na zile ambazo gesi ya baruti hulirudisha komeo nyuma na mpigaji akabaki na kazi ya kubonyeza kiwenzo kidogo tu ili lijifunge, maana hizo nazo zilipigwa marufuku kwa sheria ya 2019. Wenzo wa kizamani, unaofanya kazi yote kwa nguvu ya mkono, haukuguswa.

Sheria ndiyo kipimo cha kwanza

Kwa Uingereza na Wales, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka raifo iwe na kaliba (upana wa tundu la mtutu) isiyopungua inchi .240 na nishati isiyopungua futi-pauni 1,700 (kipimo cha nguvu ya pigo) mdomoni mwa mtutu, na kichwa kiwe chenye ncha laini au chenye tundu. Kwa kulungu wadogo kabisa, yaani muntjaki na kulungu-maji wa China, marekebisho ya 2007 yalishusha kiwango hadi kaliba ya inchi .220, futi-pauni 1,000 na kichwa cha greni 50 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Sheria hiyo haidai kasi yoyote maalumu.

Uskoti huhesabu kwa namna nyingine. Amri yake ya 1985 inadai kichwa kinachopanuka kinapogonga, na kwa kulungu wote inadai kasi isiyopungua futi 2,450 kwa sekunde pamoja na nishati ya futi-pauni 1,750. Uzito wa chini wa kichwa ulikuwa greni 100, nao ukapunguzwa hadi 80 mwaka 2023, jambo lililofungua mlango kwa vichwa vyepesi vya shaba. Kwa roe peke yake inatosha greni 50 na futi-pauni 1,000, ila sharti la kasi linabaki pale pale, futi 2,450. Sharti hilo la kasi ndilo linaloziangusha risasi karibu zote za asili za bunduki za wenzo, hata zile ambazo nishati yake ni kubwa kupita kiasi.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Takwimu zinazochapishwa na watengenezaji wa risasi za .30-30, kama zilivyo nyingi za raifo, hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, ilhali bunduki ya msituni huwa na mtutu wa inchi 20 au pungufu. Kanuni ya makisio inayotumiwa na wapigaji ni kwamba kila inchi moja ya mtutu inayokatwa hupunguza futi 15 hadi 25 kwa sekunde. Hebu tuchukue 20 na tuone hesabu inatupeleka wapi.

.30-30: mzee anayeifahamu kazi yake

Risasi hii ilitoka 1895 kwa ajili ya bunduki ya kiwanda cha Winchester ya mwaka uliotangulia, iliyobuniwa na John Browning, na ilikuwa miongoni mwa risasi za mwanzo kabisa za kuwindia huko Marekani kutumia baruti isiyotoa moshi. Kwa takwimu za kawaida za kiwandani, kichwa cha greni 150 huenda futi 2,390 kwa sekunde na kubeba futi-pauni takriban 1,900, na cha greni 170 huenda futi 2,200 na kubeba takriban 1,830. Zote mbili zinaonekana kupita kiwango cha Uingereza bila shida.

Sasa tuondoe futi 80 kwa sababu ya mtutu wa inchi 20. Greni 150 inashuka hadi futi 2,310 na futi-pauni kama 1,780, kwa hiyo bado iko salama. Greni 170 inashuka hadi futi 2,120 na futi-pauni 1,697. Upungufu huo wa futi-pauni tatu ni mdogo mno kwa kulungu kuutambua, lakini sheria haimuulizi kulungu. Bunduki moja inaweza kuvuka kiwango na ndugu yake wa kiwanda kimoja akashindwa, kwa kuwa mitutu hutofautiana. Anayependa greni 170, kichwa ambacho kwa hakika hupenya vizuri sana, hana budi kukipima kwa kipima kasi kutoka bunduki yake mwenyewe na kuhifadhi matokeo.

Njia ya kutoka kwenye mashaka hayo ni risasi za kisasa za Hornady zenye ncha laini ya plastiki inayonyumbuka. Kichwa chake cha greni 160 kimeorodheshwa kwa futi 2,400 na futi-pauni 2,046, na hata ukipunguza kwa ajili ya mtutu mfupi, kinabaki na zaidi ya 1,900. Ndugu yake wa shaba tupu wa greni 140 ameorodheshwa kwa futi 2,465, takwimu ambayo kwa karatasi inavuka hata sharti la Uskoti. Mtu asidanganyike na karatasi hiyo, kwa sababu kwa mtutu wa inchi 20 kasi hiyo itarudi chini ya 2,450, na hati ya kiwandani haibadilishi kile bunduki yako inachokifanya.

Msituni kwenyewe .30-30 inatosha. Mwendo wa kawaida wa kupiga katikati ya miti ni mita 40 hadi 100, na katika umbali huo kichwa hupanuka, hupita mbavu zote mbili na kuacha njia ya damu inayofuatika. Teke lake ni jepesi, jambo linalomsaidia mpigaji kuona mnyama alivyoitikia. Ukomo wake unaonekana pale msitu unapofunguka kwenye eneo lililokatwa miti: bunduki iliyolenga sawa yadi 100 itakuwa imeshuka takriban inchi 8 ikifika yadi 200. Mimi ningeweka mwisho wake yadi 150 na kutoubishania.

.45-70: nguvu nyingi, uhuru mchache

Jeshi la Marekani liliipokea .45-70 mwaka 1873, na ilikuwa karibu kusahaulika Marlin ilipoirudisha mwaka 1972 katika bunduki iliyoipa jina la zamani la 1895. Leo ndiyo bunduki ya wenzo inayosifiwa kuliko zote, na sehemu ya sifa hizo ni za haki. Kichwa cha greni 300 kwa futi 1,880 hubeba futi-pauni 2,355, na kile cha Hornady cha greni 325 kwa futi 2,050 hubeba zaidi ya 3,000. Kulungu mwekundu, aliye mkubwa kuliko wote wa Britania, hahitaji nguvu nyingi hivyo.

Hata hivyo, risasi hii ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni kwamba ile risasi ya jadi ya greni 405 kwa futi 1,330, ambayo hupakiwa kwa shinikizo dogo ili isizivunje bunduki za karne ya 19, hutoa futi-pauni 1,590 tu na hivyo haifikii kiwango cha Uingereza, ingawa kichwa chake ni kizito kuliko mara mbili ya kile cha .30-30. Mtego wa pili ni vichwa vigumu vya kuyeyushwa visivyopanuka, vinavyopendwa sana na wamiliki wa .45-70 wa Marekani kwa kujilinda na dubu. Kwa kulungu wa Britania vichwa hivyo haviruhusiwi, na hata kama vingeruhusiwa, kitu kinachotoboa mnyama na kuendelea mbele kikiwa na uzito wake wote hakifai mahali ambapo njia za watembea kwa miguu zinakatisha misitu. Mtego wa tatu ni Uskoti: hakuna kichwa cha kawaida cha .45-70 kinachokaribia futi 2,450. Bunduki inayoweza kumwangusha nyati inakataliwa kwa roe wa kilo 25, na hapo sioni sababu ya kulaumu sheria, kwa maana kwenye milima iliyo wazi kasi ndiyo inayofanya shabaha iwe rahisi.

Kuna pia suala la bega. Bunduki ya kilo 3.2 inayopiga greni 325 kwa kasi kamili humfundisha mtu kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ikishaingia haitoki upesi. Mshuko wa njia nao ni mkubwa, kwani greni 405 iliyolenga sawa yadi 100 hushuka karibu inchi 24 ikifika yadi 200. Sioni hoja ya kuinunua .45-70 kwa ajili ya kulungu peke yao, isipokuwa mtu aseme wazi kwamba anaipenda, na hilo ni jibu ambalo nitaliheshimu.

Lipo dai moja linalopaswa kuzikwa hapa, yaani kwamba kichwa kizito na cha polepole hupita vichakani bila kupinda. Kila kichwa kinachogusa kitawi huyumba, kiwe cha .243 au cha .45. Kizito huenda kikayumba kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea umbo lake, kasi yake ya kuzunguka na mahali kilipogusa, lakini tofauti hiyo haitabiriki, na kitawi kilicho mita 20 mbele ya kulungu kinatosha kugeuza pigo la moyo kuwa pigo la tumbo. Darubini ndogo inayoonyesha kitawi hicho ina thamani kuliko greni 200 za uzito wa ziada. Ukikiona kitawi, subiri au badili mahali uliposimama.

.308 na .243: risasi za komeo katika mwili wa wenzo

Hapa hesabu inakuwa fupi. .308 ya greni 150 huenda futi 2,820 na kubeba karibu futi-pauni 2,650. Ukiipunguzia futi 80 kwa ajili ya mtutu wa inchi 20, bado ina futi 2,740 na futi-pauni 2,500, kwa hiyo inavuka viwango vya pande zote mbili za mpaka ikiwa na akiba nzuri. .243 ya greni 100 kwa futi 2,960 inatoa 1,945, nayo ikipunguzwa inabaki na takriban 1,840, ambayo ni halali kote kwa kulungu wote. Mshuko wa .308 kati ya yadi 100 na 200 ni kama inchi 4, nusu ya ule wa .30-30. Risasi zenyewe hutengenezwa na kila kiwanda, na vichwa vyake ni vya kila namna, ikiwemo shaba.

Kasoro yake ni kwamba .308 inapiga kwa kishindo kikubwa zaidi katika bunduki nyepesi, na kichwa laini cha kasi kikigonga bega la roe mita 50 mbali huharibu nyama nyingi. Kichwa kigumu kiasi, au cha shaba, hupunguza uharibifu huo.

Zilizobaki zinatosha sentensi chache. .35 Remington ni nzuri msituni na inafika kiwango cha Uingereza, lakini risasi zake ni adimu. .44 Magnum ya greni 240 kwa futi 1,760 inaishia futi-pauni 1,650, ikikosa kiwango kwa 50. .357 Magnum, yenye futi-pauni kama 1,175 kutoka mtutu wa raifo, ni halali Uingereza na Wales kwa muntjaki na kulungu-maji tu, na kwa hao, ndani ya mita 50, inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni roe anapojitokeza mahali ulipomsubiri muntjaki, kwani utabaki kumtazama tu.

Bunduki zenyewe: bomba au sanduku?

Tofauti kubwa kati ya bunduki za wenzo haiko katika jina lililochongwa mtutuni, iko katika magazini. Winchester 94, Marlin 336 na 1895 hubeba risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa kuwa ncha ya risasi moja hugusa fataki ya iliyo mbele yake, vichwa vyenye ncha kali na ngumu haviruhusiwi humo kabisa, maana teke la bunduki linaweza kugeuza ncha kuwa msumari wa kufyatulia. Ndiyo maana risasi za .30-30 huwa na vichwa bapa, na ndiyo maana ncha laini za plastiki zilipotokea katikati ya miaka ya 2000 zilileta mabadiliko ya kweli.

Bomba lina kero nyingine ambayo katalogi hazitaji. Mnyemeleaji wa Britania hupakua bunduki yake mara nyingi kwa siku moja: kabla ya kuruka uzio, kabla ya kupanda jukwaa la mtini, kabla ya kurudi garini. Kwa sanduku linalochomoka, kazi hiyo ni ya sekunde tatu. Kwa bomba la Winchester au Marlin, kila risasi hupitishwa kwa wenzo katika chemba, yaani mahali inapokaa tayari kupigwa, jioni, vidole vikiwa na baridi, kisha risasi hizo huokotwa kwenye majani makavu. Baadhi ya bunduki za Henry za .30-30 zina bomba la ndani linalovutwa mbele na kuruhusu risasi zimwagike zenyewe, jambo linalopunguza kero hiyo, na zile za miaka ya karibuni zimeongezewa mlango wa ubavuni wa kujazia.

Kati ya Winchester 94 na Marlin 336, mimi nachagua Marlin kwa kazi hii, na sababu ni mbili. Winchester za kabla ya miaka ya 1980 hutoa ganda juu, kwa hiyo darubini haiwezi kukaa mahali pake panapostahili, ilhali 336, iliyotoka 1948, ina mwili uliofungwa juu na hutoa ganda ubavuni. Sababu ya pili ni usafi, nao katika misitu ya mvua si jambo dogo. Ukifungua skrubu moja ya wenzo wa Marlin, komeo huchomoka na mtutu husafishwa kutoka nyuma, kama inavyotakiwa. Winchester, kwa kutetewa, ni nyembamba na nyepesi mkononi kuliko zote, na anayetumia vilengeo vya chuma hatakuta inayobebeka vizuri zaidi. Kwa upande wa Marlin za mitumba, umiliki wa kampuni ulihamia kwa Remington mwishoni mwa miaka ya 2000, kisha Ruger ikainunua 2020 na kuanza kuzitoa tena, ya kwanza ikiwa 1895 mwishoni mwa 2021 na 336 ikifuata 2023. Ubora ulitofautiana katika vipindi hivyo, kwa hiyo anayenunua iliyotumika aikague bunduki yenyewe: vilengeo viwe vimesimama wima, mti ukutane na chuma bila nafasi, na risasi za mfano ziingie na kutoka bila kukwama.

Upande wa sanduku, chaguo ni hasa Browning BLR na Henry Long Ranger ya 2016. Zote mbili hufunga komeo kwa kichwa kinachozunguka na kushika meno, kama bunduki ya komeo, na ndiyo sababu zinastahimili shinikizo la .308 na .243 na kuruhusu vichwa vyenye ncha kali. BLR huendesha komeo kwa meno ya gia, na kifyatulio chake husafiri pamoja na wenzo, hivyo kidole hakibanwi. Inatengenezwa kwa umaridadi, ni nyepesi, na kuna toleo la kutenganishwa vipande viwili. Udhaifu wake ni kifyatulio ambacho mara nyingi ni kizito, na kwamba si bunduki ya kufunguliwa nyumbani: mtutu husafishwa kutoka mdomoni, na anayejaribu kuichambua gia zake bila maarifa humpelekea fundi mfuko wa vyuma. Long Ranger ina uchaguzi mdogo wa maumbo lakini mtiririko wake wa wenzo ni laini. Kwa mpigaji wa kawaida tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya namna kitako kinavyokaa begani mwake, na hilo hupimwa dukani, macho yakiwa yamefumbwa wakati wa kuinua bunduki kisha kufumbuliwa kuona kama darubini iko mbele ya jicho.

Nisisahau Savage 99. Ilitoka 1899, haina nyundo ya nje, na matoleo yake mengi hubeba risasi katika magazini ya kuzunguka inayokubali ncha kali bila hatari. Haitengenezwi tena, lakini za .300 Savage, .243 na .308 hupatikana zikiwa zimetumika, na zote tatu huvuka sharti la Uskoti kwa risasi zinazofaa. Kwa mtu anayetaka wenzo wa kizamani wenye roho ya kizamani bila vikwazo vya .30-30, hii ndiyo ninayoiona kuwa siri iliyofichika.

Shaba, mwanga na kizuia sauti

Mnunuzi wa leo hawezi kuchagua risasi akisahau madini yake. Mwezi Julai 2025 serikali ya Britania ilitangaza kwamba itazuia madini ya risasi katika marisau na katika vichwa vya kaliba kubwa vya kuwindia, pamoja na kipindi cha mpito cha miaka 3. Bunduki inayonunuliwa leo itadumu kuliko kipindi hicho mara kumi, kwa hiyo swali si kama utapiga shaba bali kama bunduki yako itaipenda.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, na kwa uzito ule ule kichwa chake huwa kirefu zaidi. Kinahitaji kasi ili kifunguke, na hapo .308 ina nafasi kubwa: hata yadi 200 bado kina kasi ya kutosha. .30-30 inaanza polepole, kwa hiyo inahitaji kichwa cha shaba kilichobuniwa mahsusi kwa ajili yake, kama kile cha greni 140 kilichotajwa au vile bapa vya Barnes vya greni 150, na umbali wake wa mwisho unapungua. Ningeushusha kutoka yadi 150 hadi 120. Mtu asijaribu kamwe kutia kichwa chenye ncha kali cha .308 katika ganda la .30-30 la bunduki ya bomba, hata kama vipenyo vinafanana.

Kulungu hutembea alfajiri na machweo, na Uingereza huruhusu kupiga mpaka saa moja baada ya jua kuchwa. Chini ya matawi, nusu ya mwisho ya saa hiyo haionekani kwa vilengeo vya chuma. Kilengeo cha tundu ni cha haraka na cha kupendeza mchana, lakini anayewinda kwa dhati atafunga darubini ndogo ya ukuzaji wa 1 hadi 4, au ile ya 4 isiyobadilika, ikae chini iwezekanavyo. Vitako vingi vya bunduki za wenzo vilichongwa kwa vilengeo vya chuma, na shavu hubaki hewani darubini ikiwekwa. Kipande cha ngozi cha kuinua shavu hutatua jambo hilo.

Kizuia sauti ni karibu desturi kwa wanyemeleaji wa Britania, na hapa bunduki za bomba hupata taabu, kwa sababu nyingi za zamani hazina nyuzi za skrubu mdomoni za kukifungia na bomba lenyewe huishia karibu na mdomo wa mtutu. Matoleo mapya ya Marlin na Henry yenye nyuzi yapo. Pamoja na hayo, silinda ya sentimita 15 hadi 20 iliyoongezwa mbele ya mtutu wa inchi 19 huifanya bunduki iwe ndefu na nzito mbele, yaani huondoa ile sifa ya kwanza iliyokufanya uache komeo. Ningependelea kuvaa vizibo vya masikio vya kielektroniki na kuiacha bunduki fupi ilivyo, mradi hakuna nyumba karibu.

Basi, kwa anayewinda pande zote mbili za mpaka, au Uskoti peke yake, naona jibu ni moja tu: .308 katika BLR au Long Ranger, au Savage 99 kwa mwenye subira ya kutafuta. Mtu mwenye bega jepesi, au anayewinda roe zaidi ya wengine, achukue .243 katika mwili ule ule na vichwa vya shaba vya greni 80, akivipima kasi kwanza. Kwa anayewinda kusini tu, katika misitu minene ambako yadi 100 ni mbali, Marlin 336 ya .30-30 yenye greni 150 au 160 ndiyo ningeiweka mkononi mwake, na nisingemwonea huruma kwa kukosa .308. Kwa vyovyote vile, kaliba iandikwe kwenye cheti cha silaha kabla ya fedha kutoka mfukoni, na kisha zinunuliwe sanduku moja moja za aina tatu za risasi badala ya masanduku kumi ya aina moja, kwa kuwa bunduki za wenzo huchagua chakula kuliko zile za komeo, na risasi inayotoa kundi la matundu la inchi moja na nusu shabahani katika bunduki ya jirani yako inaweza kutawanyika inchi nne katika yako.